Via San Gregorio Armeno, Napoli: Mtaa wa Mapango ya Noeli

Mtaa huu mwembamba ni wa kale kuliko Ukristo. Wagiriki walioujenga mji wa Neapolis, yaani Napoli ya kale, waliupitisha mtaa hapa ili kuunganisha barabara mbili kubwa, ambazo leo ni Via dei Tribunali na Via San Biagio dei Librai. Mpaka sasa kazi yake ni hiyohiyo.

Jina limetokana na monasteri iliyo ubavuni. Mapokeo yanasema ilianzishwa katika karne ya 8 na watawa waliokimbia Konstantinopoli wakiwa na masalia ya Mtakatifu Gregori wa Armenia. Inua macho: mnara wa kengele umekalia tao lililovuka mtaa, nawe unapita chini yake.

Lakini sifa kubwa ya hapa ni mafundi. Sanaa ya pango la Noeli ilishamiri Napoli katika karne ya 18, enzi ya mfalme Carlo wa Bourbon. Itazame kwa karibu sanamu ya mchungaji ya mtindo wa wakati huo: kichwa cha udongo wa kuchoma, macho ya kioo, na kiwiliwili cha waya uliozungushiwa nyuzi, ili fundi aweze kumkunja mkono au kumwinamisha mgongo. Kando ya Familia Takatifu wamo muuza samaki, mwokaji mikate, hata wachezaji mpira. Bethlehemu ya hapa ni Napoli yenyewe, na huo ndio uzuri wake.

Desemba watu hufurika. Karakana, hata hivyo, hufanya kazi mwaka mzima. Ukitaka kumwona fundi akipaka rangi kwa utulivu, njoo mwezi mwingine.