Mchungaji wa Ebenezer na Mama wa Kinanda

Katika kijitabu hiki cha jubilii wazee wa kwaya wameshaeleza tulikotoka, na majina ya waliotutangulia yako kurasa za mbele. Ukurasa huu tumeutenga kwa ajili ya mchungaji ambaye hakuwahi kutuhubiria. Aliongoza kanisa la Kibaptisti la Ebenezer mjini Atlanta, Marekani, kwa miaka 44, na nusu ya habari zake ni habari za kwaya. Jina lake ni Martin Luther King. Si yule ambaye watoto wetu humsoma shuleni, bali baba yake, aliyejulikana kama Daddy King, yaani Baba King.

Alizaliwa Desemba 1899 huko Stockbridge, Georgia, akaitwa Michael. Wazazi wake walilima shamba la mzungu kwa kugawana mavuno, na wakati wa hesabu ukifika, kalamu ilikuwa mkononi mwa mwenye shamba. Siku moja Michael, akiwa bado mtoto, aliona baba yake anapunjwa, akalisema jambo hilo papo hapo mbele ya mwenye shamba. Yule bwana alighadhibika akatishia kumpiga, na baba mtu ikabidi amnyamazishe mwanawe, maana chakula cha nyumba nzima kilitegemea shamba lile. Ukiijua habari hiyo, mengi aliyofanya baadaye hayakushangazi.

Alihamia Atlanta akiwa kijana mwenye elimu haba. Hakuona haya kurudi darasani akiwa mtu mzima, na mwaka 1930 akahitimu masomo ya theolojia Morehouse College. Alikuwa ameshamwoa Alberta Williams, binti wa mchungaji wa Ebenezer, mwaka 1926. Alberta alikuwa mwalimu, lakini shule za Atlanta siku hizo hazikukubali mwalimu wa kike aliyeolewa, kwa hiyo aliacha kazi. Hasara ya shule ikawa faida ya kwaya, kama tutakavyoona.

Baba mkwe alifariki mwaka 1931, na King akashika nafasi yake. Ulikuwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi na hali ya fedha kanisani ilikuwa mbaya. Aliandaa michango, akaleta washirika wapya, na kufikia mwaka 1934 kanisa lilikuwa limesimama tena. Mwaka huo alisafiri hadi Nchi Takatifu na Berlin, kwenye kongamano la Wabaptisti wa dunia nzima. Baada ya safari hiyo ndipo yeye na mwanawe wa miaka mitano walipoanza kuitwa Martin Luther, kwa heshima ya yule mwanamatengenezo wa Ujerumani.

Kazi yake haikuishia madhabahuni. Katikati ya miaka ya 1930 aliongoza mamia ya watu weusi kwa maandamano hadi ofisi za jiji kudai haki ya kupiga kura. Alikuwa miongoni mwa waliopigania walimu weusi walipwe sawa na wenzao weupe. Mabasi yaliyobagua watu alikataa kuyapanda. Siku moja polisi alimsimamisha barabarani akamwita "kijana", neno la kumdunisha mzee wa watu. King alimwonyesha mwanawe aliyeketi kando yake, akamjibu kwamba huyo ndiye kijana, yeye ni mwanamume. Mtoto aliyesikia jibu hilo garini ndiye dunia ilimjua baadaye. Ndiye pia aliyempokea Tom Mboya wetu huko Atlanta mwaka 1959, na kanisa alilochunga wakati huo, Dexter Avenue kule Montgomery, likaahidi kumsaidia mwanafunzi Mkenya aliyekwenda kusoma Tuskegee.

Sasa turudi kwenye kinanda. Mama Alberta alianza kukipiga pale Ebenezer mwaka 1932 na kuendelea hadi 1972, miaka 40. Ndiye aliyeunda kwaya ya kanisa hilo na kuiongoza kwa miaka mingi. Wanakwaya wenzetu mnajua maana yake: mazoezi ya jioni watu wamechoka, sauti ya tatu haijatimia, na Jumapili haingoji mtu. Mchungaji alipokuwa akisumbuka huko mjini, nyimbo za ibada zilikuwa tayari.

Mwanawe Martin aliuawa kwa risasi huko Memphis tarehe 4 Aprili 1968. Julai 1969 mwana wa pili, Alfred Daniel, naye mchungaji, akafa maji nyumbani kwake. Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 30 Juni 1974. Ibada ilikuwa ikiendelea, na Mama Alberta, ingawa alikuwa ameshastaafu, alikuwa kwenye kinanda akipiga Sala ya Bwana. Kijana wa miaka 23 aliinuka akafyatua risasi. Mama alifariki, na shemasi mmoja akafa pamoja naye. Baadaye kijana huyo alisema alimlenga mchungaji mwenyewe, ila mama ndiye aliyekuwa karibu.

Hapa ndipo tunaposimama kila mara tunapoisoma habari hii. Mzee King alisema kwamba kuna watu wawili ambao angetarajiwa kuwachukia, mmoja mzungu na mwingine mweusi, mmoja aliyemuua mwanawe na mwingine aliyemuua mkewe, lakini hatamchukia yeyote. Kusema hivyo juu ya mageni ya mbali ni rahisi. Yeye alisema akiwa na makaburi matatu. Muuaji wa Mama Alberta alihukumiwa kifo, na jamaa ya King ikapinga asiuawe. Miaka mingi baadaye adhabu hiyo ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha.

Mzee aliondoka kwenye mimbari ya Ebenezer mwaka 1975. Alifariki tarehe 11 Novemba 1984, akazikwa makaburi ya South-View mjini Atlanta, kando ya mpiga kinanda wake.