Menyu ya mti

menyu ya mti nm [i-/zi-] orodha katika programu ya kompyuta ambayo vipengele vyake hupangwa kwa ngazi, kimoja chini ya kingine, na huweza kufichwa au kuonyeshwa. *Mf.* Menyu ya mti imo upande wa kushoto wa dirisha.

Watumiaji wengi waliizoea tangu Windows 95, ambapo makabrasha yalipangwa kwa namna hiyo. Kiswahili nacho kiliingia katika menyu za programu za ofisi mwaka 2004, kwa toleo la Jambo OpenOffice lililoandaliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Neno *menyu* lenyewe halina utata. Utata umo katika viungo vya mti.

Mti wa kompyuta umepinduliwa: chanzo kiko juu, nao unakua kwenda chini. Baadhi ya wafasiri hukiita chanzo hicho *shina*. Kwa msomaji wa Tanzania chaguo hilo lina hatari, kwa kuwa katika muundo wa CCM shina ndiyo ngazi ya chini kabisa. Juu yake lipo tawi, kisha kata, wilaya, mkoa na taifa. Anayeambiwa "rudi kwenye shina" atateremka badala ya kupanda. Inafaa kutumia *mzizi* kwa chanzo, *tawi* kwa kipengele chenye vingine chini yake, na *jani* kwa kisicho navyo. Jina la jumla la vyote ni *kifundo*, ambalo wanabotania wanalo tayari.

Neno linalohitaji uangalifu zaidi ni kata. Kama nomino [i-/zi-] ni eneo la utawala: chini ya Mkoa wa Ruvuma ipo Wilaya ya Songea, ndani yake Manispaa ya Songea, kisha kata kama Lizaboni na Mfaranyaki, na chini ya kata mitaa. Kama kitenzi ni amri ya kuondoa kitu ili kibandikwe pengine. Niliwahi kuombwa kuhakiki tafsiri ya programu ya ofisi moja baada ya karani, aliyekusudia kuongeza kata, kubonyeza amri *Kata*. Tawi zima likatoweka. Hakujua kwamba lingeweza kubandikwa, akaifunga programu. Majina ya mitaa yakaandikwa upya kutoka daftarini kwa siku mbili. Karani alilaumiwa, ingawa kwa maoni yangu kosa lilikuwa la mfasiri. Katika menyu ya mti amri hiyo iitwe *Hamisha tawi*, na ile ya kuongeza iandikwe kwa ukamilifu: *Ongeza kata mpya*.

Mtunzi wa programu naye ana sehemu yake. Kwa kawaida kila kifundo huhifadhi utambulisho wa *mzazi* wake. Mzizi pekee hauna mzazi. Mzazi akifutwa peke yake, watoto hubaki *yatima*: wamo katika hifadhi lakini hawaonekani kwenye menyu. Kwa hiyo onyo liseme idadi: "Tawi hili lina vifundo 14 chini yake. Vyote vitafutwa."

Kuhusu vitenzi, tawi *hukunjuliwa* na *kukunjwa*, kama mkeka. *Fungua* ibaki kwa hati, na *panua* kwa dirisha.