Watu 38 wa Hog's Back

Jumapili ya tarehe 28 Aprili 1946, katika mgahawa uliojulikana kama Lounge Café, watu 38 walikubaliana jambo ambalo majirani zao wengi wangeliona ni wazimu. Mgahawa wenyewe ulikuwa Hog's Back, kilima kirefu chembamba kilichojinyoosha kati ya miji ya Guildford na Farnham katika kaunti ya Surrey, kusini-magharibi mwa London. Walichokubaliana ni kuunda chama cha kutunza pikipiki kuukuu, na si kuzitunza tu bali kuziendesha barabarani, kwenye mvua na kwenye matope. Wakakiita Vintage Motor Cycle Club. Leo ni kati ya vyama vikubwa zaidi vya aina hiyo duniani, lakini siku ile hakikuwa na ofisi wala gazeti.

Uingereza ilikuwa haijamaliza hata mwaka mmoja tangu vita viishe. Petroli ilikuwa ya mgawo, na mgawo huo haukuondolewa moja kwa moja hadi Mei 1950. Mkate, ambao haukuwahi kuwekwa kwenye kuponi wakati mabomu yanaanguka, uliwekwa kwenye kuponi Julai ya mwaka ule ule wa 1946. Viwanda vilianza tena kutoa pikipiki mpya, ila serikali ilitaka zipelekwe nje zikalete fedha za kigeni. Mwananchi wa kawaida alibaki na pikipiki zilizoachwa na jeshi: BSA M20, Norton 16H, Matchless G3L, zilizouzwa kwa wingi zikiwa bado na rangi ya kijeshi. Hizo ndizo kila kijana alizikimbilia. Mashine ya mwaka 1923, yenye gia za kubadilishwa kwa mkono na taa za kuwashwa kwa kiberiti, ilikuwa chuma chakavu.

Na chuma chakavu kilikuwa kimetafutwa kwa bidii miaka yote ya vita. Mageti ya bustani yaling'olewa, masufuria yakakusanywa, na pikipiki nyingi zilizokuwa zimelala vibandani zikaenda njia hiyo hiyo. Mabomu nayo yalifanya kazi yake. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliuteketeza mji wa Coventry, na kiwanda cha Triumph kikaungua. Siku tano baadaye ikawa zamu ya BSA kule Small Heath, Birmingham, ambako wafanyakazi 53 walikufa. Ukichanganya mabomu na wanunuzi wa skrepa, utaelewa kwa nini mwaka 1946 mtu mwenye macho aliweza kuona kwamba kizazi kizima cha mashine kilikuwa mbioni kutoweka.

Mtu huyo mwenye macho alikuwa C. E. Allen, ambaye kila mtu alimwita Titch, jina la utani apewalo mtu mfupi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, na nishani ya BEM (British Empire Medal) ilifuata jina lake. Baadaye aliandika mengi kuhusu pikipiki za Velocette na Brough Superior, pamoja na makala nyingi sana ambazo zilimfanya kuwa kama mwanahistoria mkuu wa pikipiki za Kiingereza. Aliishi hadi 2010, akafariki akiwa na miaka 95. Mtu anayeanzisha chama kisha akaishi zaidi ya miaka 60 kukitazama kikikua hupata bahati ambayo waasisi wengi hawaipati, na pia adhabu: huona kila kanuni yake ikibishaniwa na watoto waliozaliwa baada yake.

Kanuni ya kwanza ilikuwa ya umri. Pikipiki iwe imetengenezwa kabla ya mwisho wa 1930, yaani iwe na angalau miaka 15 siku ile chama kilipozaliwa. Leo miaka 15 inachekesha. Ziko pikipiki nyingi za Boxer Dar es Salaam au Kisumu zenye umri unaokaribia huo na bado zinabeba abiria wawili na gunia la mkaa. Lakini tarehe yenyewe haikuokotwa. Chama cha magari, Vintage Sports-Car Club, kilichoanzishwa 1934, kilikuwa kimeshaweka mpaka huo huo wa 1930, kwa hoja kwamba msukosuko wa uchumi uliofuata baada ya 1929 uliwalazimisha watengenezaji kubana gharama, na ufundi wa zamani ukaishia hapo. Upande wa pili, pikipiki kongwe kabisa, zile za kabla ya 1915, tayari zilikuwa na mlezi: Sunbeam Motor Cycle Club, iliyokuwa ikiziongoza katika safari ya kila mwaka kwenda Brighton, Pioneer Run, tangu 1930. Zilizokosa mwenyewe ni zile za katikati. Hazikuwa kongwe za kuheshimiwa wala mpya za kutamaniwa.

Ajabu ni kwamba hizo za katikati ndizo zilizokuwa nyingi kuliko zote. Miaka ya 1920 ndiyo miaka ambayo mfanyakazi wa Kiingereza alipanda pikipiki. Kufikia mwisho wa muongo ule kulikuwa na pikipiki zaidi ya 700,000 zilizosajiliwa nchini, na kampuni zilizozitengeneza zilihesabiwa kwa makumi na makumi. Nyingine zilikuwa karakana za watu wachache walionunua injini kwa J. A. Prestwich (JAP) au Villiers, wakanunua sanduku la gia kwa Sturmey-Archer au Burman, wakaunga fremu na kubandika jina lao kwenye tangi. Kampuni ya namna hiyo ikifa, huacha pikipiki barabarani na hakuna duka la vipuri.

Kuziendesha kulihitaji mikono minne. Hakuna kuzungusha mshikio wa kulia ukasema umeongeza mafuta. Kwenye usukani kulikuwa na vijiti vidogo: kimoja cha hewa, kimoja cha petroli, kingine cha kuwahisha au kuchelewesha cheche ya plagi, na cha nne cha kunyanyua vali ili injini iwake bila kukuvunja mguu. Kijiti cha gia kilikuwa kando ya tangi, kwa hiyo kila ukibadilisha uliachia usukani kwa mkono mmoja. Mashine nyingi hazikuwa na pampu ya oili ya kujiendesha; dereva mwenyewe alisukuma oili kwa mkono kila baada ya maili kadhaa, akikadiria kwa moshi unaotoka nyuma kama imezidi au imepungua. Za mwanzoni mwa kipindi hicho zilizungusha gurudumu kwa mkanda, na mkanda ukilowa huteleza, mwendeshaji akashuka kusukuma. Taa ziliwaka kwa gesi iliyopatikana kwa kudondoshea maji kabaidi. Watu waliokulia pwani, wanaozikumbuka taa za kabaidi, hawahitaji kuelezwa harufu yake.

Hii ndiyo sababu waasisi wale walisisitiza kuendesha. Kumfundisha kijana jinsi ya kupima oili kwa kutazama moshi hakuwezekani kwa mashine iliyofungiwa nyuma ya kioo. Ujuzi ule uliishi miguuni na vidoleni mwa watu, na watu wale walikuwa wakizeeka.

Kati ya mashine za kundi hilo zipo zilizowahi kufika mbali. Triumph ya Model H, yenye injini ya cc 550 na silinda moja, ilitengenezwa kwa ajili ya majeshi ya Vita vya Kwanza kiasi cha 30,000 hivi, na askari waliiita Trusty kwa sababu haikuwaangusha. Vita hivyo hivyo vilileta pikipiki hadi Afrika Mashariki: mwaka 1916, Jenerali Smuts alipoingia eneo la Wajerumani kupitia Kilimanjaro, katika jeshi lake kulikuwa na kikosi cha wapanda pikipiki kutoka Afrika Kusini. Farasi walikuwa wakifa kwa ndorobo kwa maelfu. Pikipiki haikuumwa na mbung'o, lakini masika ya mwaka ule yalikata barabara, na chombo cha magurudumu mawili hakina ujanja kwenye tope la mfinyanzi.

Titch Allen hakuishia kuandika. Pikipiki ambayo jina lake limefungamana nayo zaidi ni Old Bill, ambayo George Brough wa Nottingham alijitengenezea mwenyewe mwaka 1922 kwa ajili ya mashindano. Brough alikuwa mtengenezaji aliyejua kujisifu. Mashine zake zililinganishwa na Rolls-Royce, naye akalitumia tangazo hilo hadi mwisho. T. E. Lawrence, yule Lawrence wa Arabuni, alinunua kadhaa, na alikuwa juu ya mojawapo alipoanguka Mei 1935 na kufa siku chache baadaye. Old Bill ilikuwa na injini ya JAP yenye vali za pembeni, aina ambayo mafundi waliidharau kuwa ni ya kubebea mizigo, lakini ilizunguka uwanja wa Brooklands kwa kasi ya maili 100 kwa saa. Hesabu ya Brough ni kwamba alishinda mashindano 51 kati ya 52. Baada ya Vita vya Pili Allen aliipata ikiwa hoi, akaifufua, na akaikimbiza tena. Mwaka 2012 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 200,000. Hapo mwanzo, mashine za rika lake ziliweza kununuliwa kwa pauni chache.

Mwaka 1949 chama kilianzisha safari ya Banbury, Banbury Run, iliyokuja kuwa sikukuu yake kubwa. Ni ya pikipiki za kabla ya 1931 pekee, na inazunguka vijiji vya Oxfordshire na Warwickshire. Mahali ambapo watazamaji hujazana ni Sunrising Hill, mpando mkali ambao gari la kisasa halishughuliki nao. Pikipiki ya 1914 yenye gia moja na mkanda hushughulika nao sana. Anayepanda bila kushuka hushangiliwa. Anayeshuka akakimbia kando ya mashine yake, injini ikinguruma, hushangiliwa zaidi.

Wamarekani walifuata mwaka 1954, na kisa chao kina uchungu wa karibu zaidi. Kiwanda cha Indian mjini Springfield, Massachusetts, ambacho kabla ya Vita vya Kwanza kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya pikipiki duniani, kilisimamisha uzalishaji mwaka 1953. Mwaka uliofuata, katika eneo hilo hilo la New England, Ted Hodgdon, Henry Wing na Emmett Moore wakawa mstari wa mbele kuanzisha Antique Motorcycle Club of America. Hodgdon alikuwa amefanya kazi Indian kabla ya kwenda kusimamia biashara ya BSA nchini Marekani. Kwao pikipiki lazima ifikishe miaka 35, na chama kina waamuzi wanaokagua kama kila boliti na kila rangi ni ile iliyotoka kiwandani. Waingereza wa Banbury huona ukaguzi huo umezidi. Wamarekani nao huona Waingereza hawajali wakiweka kabureta isiyo yake mradi chombo kitembee. Kwa maoni ya mwandishi huyu, Waingereza wana hoja, ingawa bila Wamarekani wale wakali, nani angejua rangi ya kweli ya Indian ya 1912?

Kisha viwanda vya Uingereza navyo vikaanguka. BSA ilivunjika na kumezwa mwaka 1973, na kiwanda cha Triumph cha Meriden kikafunga milango 1983. Madaftari ya kiwandani, yaliyoandikwa namba ya kila injini na siku iliyotumwa kwa muuzaji, yangeweza kuishia jalalani. Chama cha watu 38 sasa kilikuwa na maktaba, na sehemu kubwa ya karatasi hizo zilipata kimbilio humo, mjini Burton upon Trent, katika jengo linaloitwa Allen House. Kazi yake si ya mapambo. Mwaka ule ule wa 1983 usajili wa vyombo vya zamani uliingizwa kwenye kompyuta, na ambaye hakuwahi kuandikisha mashine yake alipoteza namba yake ya asili. Tangu hapo, mtu akifukua Triumph ya babu yake bandani huhitaji ushahidi wa tarehe, na mara nyingi ushahidi huo ni mstari mmoja wa wino kwenye daftari la kiwanda.

Mpaka wa 1930 haukudumu peke yake. Kadiri miaka ilivyosonga ndivyo kanuni ile ilivyogeuka kuwa mlango uliofungwa kwa vijana, na baada ya mabishano marefu chama kikafungua milango kwa pikipiki yoyote iliyofikisha miaka 25. Banbury imebaki na mpaka wake wa zamani, lakini uanachama hausimami tena hapo. Honda CB750 ya 1969, mashine iliyosaidia sana kuviua viwanda vya Birmingham na Coventry, iliingia kwa haki mwaka 1994. Kwa kipimo hicho, hata Honda XL125 na Yamaha DT zilizowabeba mabwana shamba na mapadri katika vijiji vya Tanzania na Kenya miaka ya 1980 zinastahili, na nyingi kati yake bado ziko kazini.