Udahili wa wanafunzi wa shahada ya kwanza nchini Tanzania

Udahili wa wanafunzi wa shahada ya kwanza nchini Tanzania ni utaratibu wa kupokea maombi, kupima sifa na kuchagua watu watakaosoma katika vyuo vikuu vya nchi hiyo. Utaratibu huo unasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), ambayo huweka sifa za chini kwa vyuo vyote, vya umma na vya binafsi. Kila chuo kinaweza kuongeza masharti yake juu ya sifa hizo, lakini hakiruhusiwi kuzipunguza.

Waombaji wamegawanyika katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni vijana wanaotoka moja kwa moja kidato cha sita. Kundi la pili ni wale wanaopita njia nyingine: wenye stashahada, waliosoma programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, na watu wazima ambao ujuzi wao umetokana zaidi na kazi kuliko darasa. Uzito uliopewa kila kundi umebadilika sana tangu uhuru. Kwa takriban miaka kumi, kuanzia katikati ya miaka ya 1970, kufanya kazi kabla ya kuingia chuo kikuu lilikuwa sharti la karibu kila mwombaji.

Historia

Mwanzo hadi 1974

Kabla ya uhuru Tanganyika haikuwa na chuo kikuu, na wanafunzi wachache waliofuzu walikwenda Makerere nchini Uganda au ng'ambo. Tarehe 25 Oktoba 1961 Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa kwa kitivo cha sheria, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na vyuo vya Makerere na Nairobi. Tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea.

Katika kipindi hicho mlango mkuu ulikuwa cheti cha kidato cha sita. Kwa kuwa shule zenye kidato hicho zilikuwa chache, aliyekosa nafasi baada ya darasa la saba au kidato cha nne kwa kawaida alikuwa amekosa pia chuo kikuu, hata kama baadaye angekuwa mwalimu, karani au fundi hodari. Palikuwa na mtihani maalumu wa kuwadahili watu wazima, lakini waliopita njia hiyo walikuwa wachache.

Swali la nani anastahili kusoma chuo kikuu liligeuka kuwa la kisiasa mapema. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana jijini Dar es Salaam kupinga sheria ya kuwapeleka wahitimu Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais Julius Nyerere akawarudisha mamia yao makwao. Mwaka uliofuata alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Waraka huo ulilaumu elimu iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni kwa kuwatenga wasomi na jamii iliyowasomesha, na kwa kuthamini maarifa ya vitabuni kuliko hekima ya watu wasiokwenda shule.

Azimio la Musoma

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Musoma. Azimio la mkutano huo hukumbukwa zaidi kwa kuharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote, lakini lilibadilisha pia udahili wa chuo kikuu. Kuanzia hapo mhitimu wa kidato cha sita hakuruhusiwa kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alitakiwa:

- kumaliza mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa;
- kufanya kazi kwa muda usiopungua miaka miwili;
- kupata mapendekezo mazuri ya mwajiri wake na ya tawi la chama mahali pa kazi.

Ufaulu wa mtihani uliendelea kuhesabiwa, ila haukutosha peke yake. Watetezi wa utaratibu huo walisema kwamba mtu aliyekwisha kufanya kazi anajua anachokwenda kutafuta chuoni, na kwamba gharama za masomo yake zinalipwa na wakulima ambao wengi wao hawajasoma. Walisema pia kwamba mfanyakazi aliyekuwa nje ya darasa kwa muda mrefu angepata nafasi sawa na kijana aliyetoka shuleni.

Matatizo yalionekana baada ya muda mfupi. Idadi ya wanawake walioingia chuo kikuu ilishuka, kwa kuwa katika miaka ya kungoja wengi waliolewa na kuanza kulea watoto. Katika masomo ya sayansi na uhandisi, waombaji walirudi darasani wakiwa wamesahau sehemu kubwa ya hisabati yao. Mapendekezo ya mwajiri nayo yalikuwa na kasoro: mkuu wa idara aliyemhitaji mfanyakazi wake angeweza kuchelewa kumwachia, na aliyekuwa na kinyongo naye angeweza kumharibia. Masharti yalilegezwa kwa hatua. Wanawake walisamehewa mapema sharti la miaka miwili ya kazi, kisha masomo mengine yakafuata. Katikati ya miaka ya 1980 udahili wa moja kwa moja kutoka kidato cha sita ulirudishwa kwa wote, na watu wazima wakabaki na mlango wao wa pembeni.

Kutoka Baraza la Ithibati hadi TCU

Hadi miaka ya 1980 udahili ulikuwa kazi ya vyuo vichache vya umma. Vyuo vikuu vya binafsi vilipoanza kuruhusiwa katika miaka ya 1990, serikali iliunda Baraza la Ithibati ya Elimu ya Juu, lililoanza kazi mwaka 1995. Baraza hilo lilifuatiwa na TCU, iliyoanza tarehe 1 Julai 2005 chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu.

Kuanzia mwaka wa masomo 2010/2011 TCU iliendesha udahili wa pamoja kwa njia ya mtandao: mwombaji alijaza fomu moja, akapanga kozi kwa kufuata mapendeleo yake, na mfumo ukampangia chuo. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 waombaji wanatuma maombi moja kwa moja vyuoni. Kazi ya TCU ni kuhakiki majina yanayoletwa na vyuo na kuchapisha kila mwaka mwongozo wenye sifa za kila programu. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba ya siri ili athibitishe chuo kimoja anachokwenda. Asipothibitisha kwa wakati, anaweza kupoteza nafasi zote.

Njia za kudahiliwa

Wahitimu wa kidato cha sita

Sifa ya chini ni ufaulu wa masomo mawili katika ngazi kuu, wenye jumla ya pointi 4.0. Masomo hayo lazima yawe yale yanayohusiana na programu inayoombwa, si masomo yoyote mawili ya tahasusi. Mwanafunzi wa tahasusi ya Fizikia, Kemia na Biolojia anayetaka udaktari, kwa mfano, hupimwa kwa masharti makali zaidi ya hayo ya jumla.

Ugumu huwapata watu waliomaliza shule katika miaka tofauti, kwa sababu Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) limebadilisha viwango vya alama mara mbili katika muda mfupi:

- Waliomaliza kabla ya 2014: A = 5, B = 4, C = 3, D = 2, E = 1.
- Waliomaliza 2014 na 2015: A = 5, B+ = 4, B = 3, C = 2, D = 1.
- Waliomaliza kuanzia 2016: A = 5, B = 4, C = 3, D = 2, E = 1.

Kwa hiyo alama mbili za D zilizopatikana mwaka 2016 zina pointi 4 na zinafikia kiwango cha chini, wakati D mbili za mwaka 2015 zina pointi 2 tu. Mwombaji wa mwaka 2014 au 2015 anahitaji angalau C mbili, au alama nyingine zenye jumla hiyo. Mtu mzima anayerudi kuomba baada ya miaka mingi anapaswa kuangalia kwanza mwaka ulioandikwa kwenye cheti chake ndipo ajumlishe pointi.

Sifa linganishi

Njia ya pili ni ya wenye stashahada. Mwombaji anatakiwa kuwa na ufaulu wa angalau masomo manne ya kidato cha nne, pamoja na stashahada katika fani inayohusiana na programu anayoomba. Kiwango cha stashahada hutegemea aina yake:

- stashahada ya kawaida (ngazi ya 6 ya mfumo wa elimu ya ufundi): GPA isiyopungua 3.0;
- cheti cha fundi sanifu cha mfumo wa zamani: wastani wa C;
- stashahada ya ualimu: wastani wa B;
- baadhi ya stashahada za afya, kama utabibu: wastani wa B+.

Hii ndiyo njia inayotumiwa sana na walimu wa shule za msingi, wauguzi, maafisa ugani na mafundi sanifu walioko kazini. Kwa aliyeishia kidato cha nne, ni safari ya ngazi: astashahada, stashahada, kisha shahada. Asiye na cheti cha kidato cha nne anaweza kuanza na Mtihani wa Maarifa unaotolewa na NECTA, kisha akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na vituo vingi vya mitaani huandaa watahiniwa wa aina hiyo.

Programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 ili kufundisha kwa njia ya masafa. Kina vituo mikoani, na mwanafunzi anaweza kuendelea na kazi yake huku akisoma.

Chuo hicho huendesha programu ya msingi kwa waliokaribia sifa lakini hawakuzifikia. Anayetumia programu hiyo kuomba shahada anatakiwa kuwa na GPA isiyopungua 3.0 katika masomo sita ya lazima, na angalau C katika masomo matatu ya kundi lake, yaani sanaa, sayansi au biashara. Juu ya hayo anatakiwa kuwa na angalau pointi 1.5 za masomo mawili ya kidato cha sita, au stashahada yenye GPA isiyopungua 2.0. Sharti hilo la mwisho lina maana kwamba programu ya msingi ni daraja kwa aliyefika kidato cha sita au stashahada. Haimvushi aliyeishia kidato cha nne.

Utambuzi wa ujuzi uliopatikana kabla

Njia ya nne imechukua nafasi ya mtihani wa zamani wa watu wazima. Inamlenga mtu mwenye umri wa miaka 25 au zaidi ambaye amejifunza kwa kufanya kazi, kwa kozi fupi au kwa kujisomea. Mwombaji huandaa jalada lenye ushahidi wa ujuzi wake: barua za waajiri, vyeti vya mafunzo, na mifano ya kazi alizofanya. Baadaye hufanya mitihani miwili katika chuo kilichoidhinishwa na TCU. Karatasi ya kwanza hupima ufahamu wa jumla, lugha na uwezo wa kufikiri. Ya pili hupima fani anayotaka kusomea. Ili kudahiliwa anatakiwa kupata wastani wa B+ kwa karatasi zote mbili.

Kiwango hicho huzua mjadala. Wanaokiunga mkono wanasema mwombaji wa njia hii hana cheti kingine cha kumdhamini, hivyo mtihani ni lazima uwe mgumu. Wanaokipinga wanasema B+ inadaiwa kwa mtu aliyeacha kushika kalamu ya mtihani kwa miaka mingi, wakati kijana wa kidato cha sita anapokelewa kwa D mbili.

Umri na fedha

Sheria haiweki ukomo wa umri wa kusoma chuo kikuu. Ukomo unaonekana kwenye fedha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, imeweka katika miongozo yake ya miaka ya karibuni kwamba mwombaji wa mkopo asizidi umri wa miaka 35, na awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyotangulia. Muuguzi wa miaka 40 mwenye stashahada nzuri anaweza kuchaguliwa na chuo, lakini ada, vitabu na chakula cha familia yake vitabaki juu ya mshahara wake. Mtumishi wa umma huhitaji pia ruhusa ya mwajiri kwenda masomoni.

Kwa sababu hizo watu wazima wengi huchagua masomo ya jioni au Chuo Kikuu Huria. Programu zinazodai maabara au mafunzo ya hospitalini ya kutwa nzima, kama udaktari na uhandisi, huwa ngumu kwao hata wanapokuwa na sifa.

Katika nchi jirani

Nchini Uganda, Makerere na vyuo vikuu vingine vimeendelea na mtihani wa watu wazima kwa waombaji wenye miaka 25 au zaidi, kwa jina na sura inayofanana na ule uliokuwa Dar es Salaam. Nchini Kenya kigezo kikuu ni wastani wa C+ katika mtihani wa mwisho wa sekondari, na wakala wa serikali uitwao KUCCPS hupanga wahitimu hao vyuoni. Wenye stashahada huomba moja kwa moja katika chuo wanachokitaka.

Tazama pia

- Azimio la Musoma
- Elimu ya Kujitegemea
- Chuo Kikuu Huria cha Tanzania
- Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima
- Baraza la Mitihani la Tanzania