Ubongo wa Mwafrika katika Sayansi ya Kikoloni Nchini Kenya
Mnamo mwaka 1934, F. W. Vint, mtaalamu wa patholojia mjini Nairobi, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa ubongo wa Waafrika wa Kenya. Alidai kuwa ulikuwa mwepesi kuliko wa Mzungu, na gamba lake jembamba zaidi. H. L. Gordon, daktari katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aliihesabu tofauti hiyo kuwa ya urithi, akaonya dhidi ya kuwapa Waafrika elimu ya Kizungu. Hapa ndipo hoja ilipoyumba: lishe duni na maradhi ya utotoni huathiri ukuaji wa ubongo, tena uzito pekee haupimi akili. Serikali ya Uingereza ilikataa kugharamia utafiti mkubwa zaidi. Hata hivyo, wazo lenyewe halikufa. Mwaka 1953, katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani (ajabu kweli), J. C. Carothers, aliyewahi kuiongoza Mathari, alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata nyuzi za ubongo wa mbele. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti yake kuhusu Mau Mau, ambamo uasi wa watu walionyang'anywa ardhi ulielezwa kama tatizo la saikolojia.