Kaburi la muzee lililobaki Angola

Usiku wa tarehe 31 mwezi wa 10, mukesha wa Watakatifu Wote, watoto wa Marekani wanavaa sura za kutisha na kuomba bonbon mulango kwa mulango. Familia za askari wao zinaibeba sikukuu hiyo hata kwenye kambi za Ujerumani na Japani.

Lubumbashi nayo inajua familia za askari zilizoishi ugenini. Katanga ilijitenga tarehe 11 mwezi wa 7, 1960. Mambo yakaisha mwezi wa 1, 1963. Wajandarma wengi wakakimbilia Angola. Watoto walizaliwa kule, wazee wakazikwa kule. Walijaribu kurudi kwa bunduki mwaka wa 1977 na 1978. Mwaka wa 1997, walioitwa Tigre wakaingia Lubumbashi pamoja na AFDL.

Wafu hawakurudi. Tarehe 1 mwezi wa 8, Siku ya Wazazi, Wakongo wanasafisha makaburi asubuhi, kisha wanakula na wazazi walio hai. Kaburi la Angola, nani atalitoa majani?

Familia zilizokimbia vita leo zina ulizo hilo hilo. Basi waambieni watoto jina la muzee na mahali alipolala. Jembe halifiki kule, lakini jina linafika.