Bati, Tindo na Kipande cha Reli

Waganda huliita sigiri. Mgujarati akilisikia neno hilo hahitaji mkalimani, maana kwao sigri ni lilelile jiko la makaa la kubeba mkononi. Pwani wazee walisema seredani, Zambia ni mbaula, na sisi wa bara ya Kenya tuliridhika na jiko, neno ambalo vijana wanaotafuta mke wamelipa kazi nyingine. Mafundi wa bati hawakuacha daftari, kwa hiyo anayetaka tarehe yao na aanzie kwenye majina.

Hilo la sigiri linatupeleka relini. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, reli ikafika Nairobi 1899 na Ziwa Viktoria 1901. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na miongoni mwao walikuwamo wahunzi, waashi na maseremala. Hao ndio wanaotajwa kulileta jiko la bati. Kabla yao bara walipikia mafiga matatu, na mafiga hayahami. Mji uliozaliwa na reli ulitaka moto unaohama: mpangaji wa chumba kimoja, leo yuko Pumwani, kesho Shauri Moyo, jiko likining'inia mkononi pamoja na godoro kichwani.

Ufundi wenyewe ulivuka mkono kwa mkono. Kijana Mwafrika aliajiriwa karakanani kwa Mhindi ashike upande wa pili wa bati, lisicheze likikatwa. Alishika, akatazama, na siku alipoacha kazi aliondoka na kipimo kichwani. Mtafiti Kenneth King aliwafuatilia mafundi wa namna hiyo, na kitabu chake The African Artisan kikatoka mwaka 1977. Humo utazikuta koroboi, zile taa za mafuta ya taa zilizotengenezwa kwa mikebe mitupu. Jiko na koroboi ni ndugu wa tumbo moja: zote mbili ni takataka ya mtu mwingine iliyopindwa upya.

Takataka kuu ni pipa la lita 200. Fundi huliweka chini, akapasua kifuniko na kitako kwa tindo na nyundo, kisha akalichana ubavuni na kulifungua kama mkeka. Likishanyooshwa huweka juu yake kipande cha zamani cha bati ambacho ndicho kielelezo chake, akazungusha msumari pembeni mwake, alama ikabaki. Mkasi wa bati unafuata alama hiyo. Kuunga hakuna kulehemu: ukingo mmoja hukunjwa kwenda ndani, mwingine kwenda nje, hiyo mikunjo miwili ikaumana kama vidole, halafu nyundo ikaifunga. Mishikio ndiyo hupigwa riveti. Chujio la majivu hutobolewa tundu moja moja, na hapo utaona nani ana haraka, kwa sababu tundu zikiwa chache moto unakosa pumzi, zikizidi makaa mekundu yanadondoka chini.

Kosa la jiko hilo la zamani lilikuwa moja: lilipasha joto chumba kuliko sufuria. Agosti 1981 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya, na baada yake ndipo likazaliwa jiko lenye kiuno, juu pana, chini pana, ndani limevikwa udongo wa kuchomwa. Wazo la udongo lilitoka Thailand, ambako jiko huonekana kama ndoo. Max Kinyanjui ni mmoja wa waliolibadilisha likafaa hapa, na shirika la KENGO likalitangaza. Kiuno ndicho kilichomaliza ugomvi. Udongo uliofika hadi chini ulikuwa ukipasuka na kuteleza. Uliokaa nusu ya juu tu, umegandishwa kwa saruji na madini ya vamikulaiti, ulitulia. Sifa zimegawiwa wataalamu, sawa, lakini lile umbo lingebaki kwenye karatasi kama fundi wa Kamukunji, Nairobi, asingeweza kulikata kwa mkasi alio nao.

Mwaka 1985 Rais Moi alifika Kamukunji na kuahidi vibanda. Mabanda yakajengwa, na jina Jua Kali, lililokuwa la kuwasikitikia watu wanaochomwa na jua, likaingia kwenye nyaraka za serikali. Jua lilipungua kidogo. Kelele hazikupungua hata chembe.

Jiko la kuni nalo lilipata wakati wake miaka hiyohiyo. Moja liliitwa Kuni Mbili, na jina lilikuwa ahadi tosha. Kulitengeneza ni kazi ngumu kuliko la makaa. Makaa hukaa mekundu karibu na sufuria, kwa hiyo jiko lake laweza kuwa fupi. Kuni hutoa mwali, na mwali unataka nafasi ya kupanda; ukigusa sufuria ya baridi kabla haujakolea, unaambulia masizi na moshi wa kukuliza. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma mwaka 2018, bei ya makaa ikapaa, na wengi tukaanza kuyatazama upya majiko ya kuni.

Mimi nililinunua langu la kubeba kambini. Lilichemsha chai vizuri safari mbili. Ya tatu, kwa haraka ya kuondoka, nililizima kwa maji, udongo ukalia "ta!" na kupasuka vipande vitatu. Nikalirudisha Kamukunji. Fundi alivitazama vile vipande, akanitazama mimi, akauliza, "Ulimwaga maji, mzee?" Sikukana. Akaung'oa ule udongo wote, akalilaza bati juu ya kipande cha reli alichokizika nusu ardhini kama fuawe, akaanza kulinyoosha. Nilimuuliza reli hiyo aliipata wapi.

"Niliikuta hapa," akasema. "Na aliyekuwa hapa kabla yangu naye aliikuta."